Kidude cha mwanangu kimeharibu waranti ya gari, lakini naogopa kukitoa

Mpendwa mshauri wa magari, naomba msaada wako kabla sijafanya jambo la kijinga, na tafadhali usiicheke barua hii, kwa sababu inaanza na gari na sijui itaishia wapi.

Mimi ni mama mtu mzima, wenzangu wengi wameshastaafu ila mimi bado nashona mapazia. Kazi yangu ni kuingia kwenye nyumba za watu na futi yangu ya utepe, napima madirisha, narudi nyumbani nakata kitambaa, nashona, halafu naenda kutundika. Mume wangu alishatangulia, Mungu amrehemu, na mtoto wetu ni mmoja tu, wa kiume, anaishi nchi nyingine na mke wake na mtoto wao, anafanya kazi nzuri na ni mtu mwenye adabu, sitaki umfikirie vibaya. Mwaka juzi tulichanga mimi na yeye tukanunua gari jipya kabisa, dogo, lenye mlango wa nyuma unaofunguka juu, marobota ya vitambaa yanaingia bila kukunjwa, na siku nilipokabidhiwa ufunguo yule dada wa mapokezi pale kwa wakala aliyetuuzia aliniambia, mama, gari hili lina waranti ya miaka mitano, likikusumbua usiende kwa fundi wa barabarani, lete hapa, na usiruhusu mtu aguse nyaya. Nikaitikia ndiyo, ndiyo. Nilikuwa nanusa harufu ya viti vipya tu, sikuwa nasikiliza.

Wakati huo mwanangu alikuwa ananipigia kila jioni, simu fupi tu, anauliza, "Mama, umefika?" namjibu nimefika, ananiuliza leo ulikuwa kwenye madirisha gani, namwambia leo nilikuwa kwa watu wenye dirisha refu mpaka nikapanda ngazi huku nasali, anacheka, namsikia mjukuu wangu anapiga kelele nyuma, tunaagana. Basi, ni hivyo tu, haikuwa mazungumzo ya maana. Lakini mchana kutwa nilikuwa naokota visa vidogo vya kumwambia, nikiona paka amelala ndani ya kabati la wateja nasema hiki nitampa jioni, nikiona mwenye nyumba na mkewe wanagombania rangi nasema na hiki pia.

Siku moja nilisahau simu kwa mteja, imefunikwa na kitambaa, mtoto akapiga mpaka akachoka, akakaa roho juu hadi kulipokucha, na nilipoipata simu nikampigia nikamkuta analia, mshauri, mtu mzima mwenye ndevu zake. Wiki hiyohiyo akamtafuta bwana mmoja anayefunga vidude vya kufuatilia magari, akamtuma kwangu. Bwana mchangamfu sana, aliingiza kichwa chini ya dashibodi, akachuna waya mmoja akausokota na wa kwake, akaviringisha tepu nyeusi, akamaliza hata sijamaliza kukunja upindo wa pazia moja. Akanionyesha kwenye simu yake, gari langu ni nukta ya kijani kwenye ramani, akasema, "Mama, kuanzia leo mwanao anakuona popote ulipo." Nilifurahi, sitakudanganya. Siku za mwanzo nilikuwa nikiwasha gari namsalimia kwa sauti, hujambo mwanangu, ndiyo natoka hivyo.

Halafu simu za jioni zikaanza kupungua, kwanza anaruka siku moja, halafu mbili, halafu ikawa nikisikia simu inaita nashtuka. Siku moja alipopiga nikamwambia kwa utani, mwenzangu siku hizi hunitafuti, akasema, "Mama, mbona nakuona? Nikifungua simu nakuta umeshafika nyumbani, nalala kwa amani." Aliyasema hayo kwa mapenzi kabisa. Nikamjibu sawa mwanangu. Alipokata nikabaki na sindano mkononi, sijui nilikuwa nashona upande gani.

Sasa hili sijamwambia mtu. Kuna siku niliendesha gari mpaka hospitali kuu, pale mkabala na duka la jumla ninakonunua vitambaa, nikaegesha karibu na mlango wa wagonjwa wa dharura, nikakaa ndani ya gari tangu asubuhi mpaka watu wakaanza kuja na vikapu vya chakula kuwaona wagonjwa wao jioni. Sikuwa naumwa. Nilitaka tu nukta yangu ionekane hospitali. Mlinzi alikuja akagonga kioo akaniuliza, "Mama, una mgonjwa humu?" nikasema ndiyo, akaniambia pole sana, na ile pole yake ndiyo nusura inilize. Simu haikuita. Kesho yake ukaingia ujumbe wa mwanangu, nikatupa kitambaa chini nikaufungua, umeandikwa: "Mama, naona betri ya gari iko chini, ipeleke wakaiangalie."

Na kweli gari lilikuwa linaumwa. Asubuhi haliwaki mpaka nibembeleze, usukani ukawa mzito, taa za tahadhari zikawaka zote kwenye dashibodi, na wiki iliyopita likiwa palepale uani kwangu nilisikia harufu ya kuungua, likazima, halikuwaka tena. Wakaja kulivuta mpaka kwa wakala. Dada yuleyule wa mapokezi akaniita pembeni, akaniambia, "Mama, boksi la umeme linaloendesha usukani limeungua, na mafundi wamekuta waya umechunwa na kuungwa kienyeji. Hilo si letu tena. Waranti yako imekufa." Akasema wakilitengeneza ni kwa gharama yangu, na kwanza nikubali kidude kitolewe na nyaya zirudishwe kama zilivyotoka kiwandani, niwape jibu kabla ya Ijumaa maana uani kwao hakuna nafasi. Fundi wa mtaani kwetu naye anasema niachane nao, nilichukue gari, yeye atakitoa kidude, atauziba ule waya vizuri, halafu nilipeleke kwenye tawi lao jingine niseme limeungua lenyewe.

Gari limelala kwa wakala siku zote hizi, kidude bado kimo ndani, na mwanangu hajauliza hata, Mama, gari lina nini?

Shida yangu ndiyo hiyo, mshauri. Nikimwambia ukweli atasikitika, atagharamia, halafu atanifungia kidude kingine kizuri zaidi. Nisipomwambia, nikasema kitolewe kimyakimya, nukta itapotea kwenye ramani, na hapo ndipo mawazo yangu yalipo, kwamba nikae nisubiri nione atapiga lini. Nimeshanyanyua simu niwaambie wakala wakitoe, nikairudisha mezani, kwa sababu sasa hivi naweza kujiambia mwanangu hapigi kwa kuwa ananiona. Nikikitoa, na simu isiite, nitajiambia nini?

Nifanyeje? Na je, ni kweli waranti yote imekufa kwa waya mmoja?

Ni mimi, Mshona Mapazia.

MSHAURI WA MAGARI ANAJIBU

Shikamoo, Mama Mapazia. Barua yako ilinikuta na lundo la maswali ya klachi, na bwana mmoja anayetaka kuweka taa za buluu chini ya gari lake ili lionekane linaelea. Nimewaambia wote wangoje. Tuanze na gari, kwa sababu huko ndiko ninakojua pa kukanyaga.

Waranti yako haijafa. "Imekufa" ni neno la mapokezini, linasemwa ili mteja achoke aende nyumbani. Chukua kile kijitabu ulichopewa pamoja na ufunguo, naamini kimo kwenye droo ya gari na hakijawahi kufunguliwa, kisome au mtafute mtu akusomee. Masharti hutofautiana, ila kwa kawaida mtengenezaji hakunyimi waranti nzima kwa sababu tu umeongeza kitu kwenye gari. Anakunyima kwa kile kilichoharibiwa na hicho ulichoongeza. Ungekuwa umeweka redio nyingine halafu giaboksi ikagoma, kazi ni yao kukuonyesha redio ilifikaje kwenye giaboksi.

Kwako wewe boksi la usukani limeungua kwenye waya uleule aliouchuna bwana mchangamfu. Hapo wana haki, sikufichi, na kidude hicho ndicho kilichokuwa kinainyonya betri yako pole pole. Usipoteze nguvu kugombana nao kwa boksi hilo. Lakini injini, giaboksi, breki na vingine vyote visivyoguswa na ule waya bado ni mzigo wao mpaka miaka yako mitano iishe. Nenda kwa wakala wewe mwenyewe, kaa kwenye kiti, waambie wakuandikie ni kitu gani kimeharibika, kimeharibiwa na nini, na ni vitu gani bado vinalindwa. Waombe kwa heshima na usinyanyuke mpaka wameandika na kugonga muhuri. Dada wa mapokezi atakunja uso, mwache akunje.

Fundi wa mtaani kwenu anataka kukutumbukiza shimoni huku anakuchekea. Magari ya siku hizi yana kumbukumbu kuliko mama mkwe. Hitilafu zote zimeandikwa kwenye kompyuta ya gari, na tawi jingine la wakala wanasoma kumbukumbu zilezile. Leo wewe ni mteja aliyekosea. Ukifuata ushauri huo utakuwa mteja mwongo, na hapo hata injini ikipasuka hawatakusikiliza. Mwambie asante, kisha umwachie gari la mtu mwingine.

Wa kubanwa ni bwana mchangamfu. Vidude hivyo vina namna ya kufungwa bila kuchuna waya wowote, vinachomekwa kwenye soketi yake, na mawakala wengi hufunga wenyewe ukiwaomba, waranti isiguswe. Yeye alitaka kumaliza haraka. Anayefunga kitu kwa tepu kwenye nyaya za usukani wa mama wa watu anatakiwa aje asimame mbele ya hilo boksi lililoungua aeleze. Sasa, nani alimwita? Mwanao. Nani ana namba yake? Mwanao. Kwa hiyo hata ukitaka kulimaliza hili kimyakimya, haliwezekani.

Kidude kitoke. Kwa hilo sina la kuongeza.

Mhariri wangu alitaka barua hii iende kwa mwenzangu wa ukurasa wa familia. Nikamkatalia, kwa sababu mwenzangu huyo ana hekima nyingi lakini hajui kidude hiki kinafanyaje kazi, na wewe, mama yangu, umemhukumu mwanao kwa ushahidi wa kidude.

Tuchukue siku ya hospitali. Umeandika kwa mkono wako kwamba duka la vitambaa liko mkabala na hospitali. Vidude hivi havina macho makali, nukta inaweza kuvuka barabara yenyewe ikakaa upande wa pili. Mwanao alipofungua simu aliona nini? Aliona mama yake yuko dukani kwenye vitambaa, mahali anapomwona kila mama akiishiwa kitambaa, akafunga simu akaendelea na kazi. Kidude kina kengele ya betri, ndiyo maana akakuandikia habari ya betri. Hakina kengele ya mama aliyekaa peke yake ndani ya gari kutwa nzima akisubiri aulizwe.

Sasa hizi siku ambazo gari liko kwa wakala. Kidude kinakula umeme wa gari. Gari lilipoungua pale uani, umeme ulikatika, na kidude kikikosa umeme, ramani hubaki inaonyesha mahali pa mwisho kilipokuwa hai. Sijakiona hicho chako, siwezi kuapa, lakini uwezekano mkubwa ni kwamba mwanao akifungua simu hivi sasa anaona nukta imetulia uani kwako. Anamwambia mkewe, mama siku hizi anapumzika, vizuri. Hajui kwamba gari limeburutwa. Hajui kwamba unapanda magari ya watu na robota la kitambaa begani.

Kwa hiyo umemtungia mtoto mtihani, hukumwambia kuna mtihani, ukamsahihishia, ukampa sifuri, ukalia peke yako. Na sasa unataka kumtungia wa pili. Acha hiyo habari. Mtu huyu alilia kama mtoto kwa sababu hukupokea simu, na kidude chenyewe alikifunga kwa hofu ya siku ile. Alitaka asikupoteze. Njia aliyoitumia ndiyo mbovu.

Sasa usidhani namtetea tu. Wewe mtoto wa Mama Mapazia, kama unausoma ukurasa huu huko uliko, nawe nina neno lako. Ulikuwa na mama anayekusubiri kila jioni na habari za madirisha, ukambadilisha na nukta, ukalala kwa amani. Amani hiyo uliipata kwake yeye, na hukumuuliza kama imebaki nyingine ya kumtosha. Betri uliiona. Haya, nimemaliza na wewe.

Turudi kwako, mama. Alipokwambia anakuona na analala kwa amani, ulimjibu nini? "Sawa mwanangu." Basi angejuaje kwamba si sawa? Dirisha la mteja hulikadirii kwa jicho, unatoa utepe unapima, kwa nini moyo wa mwanao umeukadiria kwa ramani? Halafu nimeipitia barua yako mara ya pili nikitafuta mahali ambapo wewe ndiye uliyempigia. Nimekuta mahali pamoja tu, asubuhi ile ulipoipata simu uliyoisahau. Siku nyingine zote ulikuwa unangoja. Nayo simu yako inapiga, mama. Haikutengenezwa kupokea tu.

Najua kwa nini hupigi. Mtu akikupigia mwenyewe unajua amekutaka, ukimpigia wewe hujui kama amekuvumilia tu. Swali lako la utajiambia nini simu isipoita lilinifanya niinuke kwenye kiti nikazunguke kidogo nje. Siwezi kukuahidi kwamba mwanao atabadilika. Huenda akaguswa sana, akapiga kila jioni kwa mwezi mmoja, kisha kazi zikammeza tena, ukalazimika kumkumbusha, na kumkumbusha tena. Kumkumbusha mtoto wako kwamba unamhitaji si aibu. Ni kazi tu, na wewe kazi unaiweza.

Basi fanya hivi. Kwa wakala utakwenda Alhamisi, usingoje Ijumaa. Utakubali kidude kitolewe, utataka yale maandishi, na usisaini popote panaposema waranti yote imefutwa. Lakini kabla ya hapo utampigia mwanao, leo hii, jioni, saa ileile aliyokuwa anakupigia.

Na hapa unisikilize kwa makini, maana ndipo utakapoharibu. Usianze na gari. Utatamani kuanza nalo kwa sababu ni rahisi, na yeye atafurahi uanze nalo kwa sababu hiyohiyo. Ukimtajia boksi lililoungua ataruka kulishika, atamtafuta yule bwana, atauliza bei, ataagiza hiki na kile, mtaongea muda mrefu kama watu wa karakana, mtaagana, na wewe utarudi kwenye cherehani yako vilevile ulivyokuwa. Gari litamsubiri kesho.

Mwambie ulikwenda hospitali bila kuumwa, ukakaa mpaka jioni, na umwambie ulichokuwa unakisubiri. Mwambie una upweke, kwa neno hilohilo, usilifunge kwenye utani. Kisha nyamaza. Utasikia kimya upande wa pili na utaingiwa na huruma ya mama, utataka kumwokoa, utataka kusema lakini usijali mwanangu, mimi sijambo. Usiseme. Uma ulimi, shika simu, na umwache ajibu.